Masisi na Walikale kwa Jibini Moja

Wakuu mlioko madarakani, mliotoka na mtakaoingia kesho asubuhi, waheshimiwa Bami, mapadri, wachungaji na maimamu, wawakilishi wa mashirika, hasa ninyi mliokuja na gari zenye antena ndefu, wafanyabiashara, wanafunzi, na wewe mama uliyesimama mlangoni na beseni: itifaki imezingatiwa. Kaeni. Waliokosa viti wasimame kwa heshima, wasije wakaonekana kama watu waliokosa viti.

Mimi ni mtaalamu. Nalisema mapema ili asije akatokea mtu wa kuuliza katikati ya somo. Utaalamu wangu ni wa aina adimu, haukutolewa na chuo chochote, maana kila chuo nilichokiendea kilinirudisha nyumbani kwa kuona hakina cha kuniongezea. Ushahidi ninao: kadi mia mbili zilizochapwa mtaani Birere kwa wino wa dhahabu, zimeandikwa "Mshauri Mkuu wa Utalii, Maziwa Makuu na Pembezoni Mwake". Atakayetaka moja apite mbele baadaye. Si za bure.

Vijana wa hapa Goma wameniuliza swali zuri. Mgeni akishafika, akapanda volkano ya Nyiragongo, akapiga picha chini ya ile sanamu ya mtu wa chukudu, baiskeli yetu ya mbao, aende wapi tena? Mtu asiye na elimu angemjibu: arudi kwao. Mimi namjibu: aelekee magharibi, Masisi, kisha Walikale. Na leo nitawatembeza huko kote bila ninyi kuinuka vitini, jambo ambalo kwa hali ya njia zetu ndilo lililo bora.

Tuliahidiwa projekta. Projekta imekuja, umeme umekataa. Jenereta imekuja, mafuta yamekataa. Mtaalamu hatishwi na hayo. Hapa mezani mnaona jibini, fromaji ya Masisi, nzima, haijaguswa, kilo mbili na kidogo kwa mizani ya mama yule wa mlangoni, ambaye nimeliazima kwake kwa matumizi ya kisayansi. Tazameni: duara kama kigoda cha mkamuaji, ganda la rangi ya nyasi za kiangazi, na ubavuni bado kuna michirizi ya kitambaa kilichovikwa ndani ya kalibu. Ukilisogeza puani linanukia maziwa, halafu kwa mbali moshi. Hili ndilo litakuwa ramani yetu.

Naomba kisu.

Andikeni. Teritware ya Walikale ina kilomita za mraba 23,475. Masisi ina 4,734. Gawanyeni kwa kichwa, kama mimi: Walikale ni Masisi tano. Kwa hiyo nakata jibini vipande sita; kimoja Masisi, vitano Walikale. Mama analalamika kwamba jibini lote limetoka Masisi, na kwamba Walikale ni msitu, ng'ombe angefanya nini huko. Mama, hii ni jiografia, si mifugo. Maswali ni mwisho wa somo.

Tuanze na majina, maana kivutio bila asili ya jina ni kama harusi bila mshenga. Nimefanya utafiti wa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa nimelala chali. Walikale ni neno la wazi: waliokaa kale. Mzee wa Kinyanga, wa huko huko Walikale, pale nyuma anatikisa kichwa. Namshukuru kwa kuniunga mkono. Masisi ndilo lililonisumbua hadi usiku mmoja nikagundua kwamba ni wingi. Sisi, ma-sisi, kama vile tajiri, matajiri. Masisi ni mahali penye sisi nyingi, kila sisi na kilima chake, na kila sisi inasema ilifika kabla ya sisi nyingine. Mwanaisimu mmoja niliyemsomea ugunduzi huu alicheka, akaomba radhi, akanyamaza kwa muda mrefu.

Sasa fasili. Mtalii ni nani? Ni mtu anayefika pasipo kwao, akatazama, akapiga picha, akalala siku kadhaa, akala, akaondoka. Kwa fasili hiyo, ndugu zangu, nani alisema hatuna watalii? Umoja wa Mataifa wako nasi tangu 1999, wakiitwa MONUC, kisha MONUSCO. Hakuna mgeni aliyewahi kupenda mahali kiasi hicho. Mwishoni mwa 2022 wakaja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Wakenya, Warundi, Waganda, Wasudani Kusini. Wakaondoka Desemba 2023, wakapishana mlangoni na wa SADC: Waafrika Kusini, Watanzania, Wamalawi, ambao nao 2025 wakafunga mizigo. Zanzibar wanajisifu kwa Waitaliano tu. Sisi tumepokea bara zima, na kila mmoja amekuja na kitanda chake.

Wizara ya utalii ya nchi yoyote ingeona wivu.

Haya, tunatoka Goma. Kituo cha kwanza ni Sake, kilomita kama 25. Hapa nazungumza kwa mamlaka kamili, kwa sababu Sake nimefika mara nne. Huko mbele ya Sake ninakujua kwa njia ya kisasa zaidi inayoitwa Mbinu ya Umbali wa Heshima: mtafiti husimama kwenye njiapanda, akawauliza wamotari wanaoshuka, akaandika. Faida ya mbinu hii ni kwamba viatu havichafuki na takwimu hazibishi.

Sake ina kivutio ambacho wenyeji wanakikalia bila kujua. Yale mawe meusi mnayoyapita kabla ya mji ni lava. Kati ya 1938 na 1940 volkano ya Nyamulagira ilitapika hadi moto ukafika Ziwa Kivu. Fikirieni, mlima unatoka kwake, unatembea mpaka majini, unaoga. Sasa watu wamejenga juu yake, wamepanda maharage kwenye nyufa, na watoto wanatumia yale mawe kusugulia nyayo. Pale Sake njia zinagawanyika: kushoto Minova na Bukavu, kulia Kitchanga, katikati unapanda kwenda Mushaki na Masisi. Mtalii mwerevu huchagua njia kwa ramani. Mwenyeji huchagua kwa kutazama nyuso za wanaotoka huko.

Na hapo hapo unakutana na kivutio cha pili, ambacho ni fahari ya mkoa: bariere. Kamba, au mti, au kijana amenyoosha mguu. Watu wenye nia mbaya wanasema ni vizuizi vya kutoza watu. Mimi nimependekeza viitwe Vituo vya Kukaribisha Wageni. Watafiti walipovihesabu mwaka 2017 katika Kivu zote mbili walipata 798. Nchi gani nyingine ina vituo 798 vya kukaribisha wageni, vyote vikifanya kazi usiku na mchana, bila bajeti ya serikali? Mtalii analipa, anapewa jeto, kijikaratasi chenye muhuri unaosomeka nusu. Asilitupe. Anaenda nalo kituo kinachofuata, ambako litatazamwa kwa makini na kukataliwa.

Nafasi hii naitumia kumkatia mheshimiwa wa mbele kipande kidogo cha Masisi. Ni kwa ajili ya mfano tu. Karibu, mheshimiwa. Ndiyo, unaweza kula mfano.

Tunapanda. Baada ya Mushaki nchi inafunguka: vilima vya nyasi fupi, kijani hadi macho yanachoka, ng'ombe wametawanyika kama vifungo vilivyodondoka, mikaratusi kwenye mipaka ya mashamba, ukungu asubuhi, baridi ya kumfanya mtu wa Kisangani amkumbuke mama yake. Sehemu nyingi ziko juu ya mita 2,000. Wageni wamepaita Uswisi ya Afrika. Jina hilo tulipewa na watu waliotuona kupitia dirisha la gari, na tumelibeba bila kuuliza Waswisi wanalipa kodi ngapi njiani kupeleka maziwa sokoni.

Hapa ndipo jibini hili linapotoka, na hapa nataka nieleze sayansi yake. Jibini la Masisi huiva kwa sababu ya mwinuko. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo maziwa, yakikosa uzito wa kuyakandamiza, huamua yenyewe kuganda.

Mama amecheka. Mama, una jambo? Haya, sema, lakini kwa ufupi.

Basi, mama anasema hivi, nami nanukuu kwa shingo upande. Anasema maziwa yanakuja alfajiri kwenye vidumu, mengine kichwani, mengine kwenye pikipiki, na yakichelewa yamekwisha. Yanapashwa, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwakatwa, maji yanamwagwa au kupewa nguruwe. Kinachobaki kinavikwa kitambaa, kinaingizwa kwenye kalibu, kinakandamizwa kwa mawe, halafu kinaogeshwa maji ya chumvi. Kisha kinapangwa kwenye rafu za mbao. Na hapo, anasema, ndipo kazi inapoanza: kila siku ulichukue jibini moja moja, uligeuze, ulipanguse kwa kitambaa cha chumvi, wiki baada ya wiki. Ukiacha siku chache upande wa chini unalowa, unaota ukungu, linapasuka. Anasema kwa hiyo vita vikifika kilimani, watu wakikimbia, mtu akirudi baada ya mwezi hahitaji kuuliza nani alipita. Anafungua mlango wa banda, harufu inamwambia.

Ahsante, mama. Ni maoni ya upande wa uzalishaji. Sisi wataalamu tuko upande wa mkakati.

Kutoka Kitchanga si mbali kuna Mokoto, maziwa manne ya maji yaliyolala kati ya vilima, na juu yake monasteri ya Watrapisti. Watawa hao walitumwa mwaka 1954 kutoka abasia ya Scourmont, Ubelgiji, ile ile inayotengeneza bia na jibini ya Chimay. Kwa hiyo wakati mwingine mtu akikuuliza kwa nini Mkongo wa kilimani anajua jibini, usiseme ni maajabu. Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri wakiamini kwamba ukuta wa kanisa ni ukuta waliuawa humo, na watawa wakaondoka. Mimi katika kijitabu changu cha utalii nimeandika: "Mahali tulivu pa kutafakari." Mhariri alitaka niongeze sentensi. Nilimwambia kurasa zimejaa.

Sogezeni jibini. Tunafika Rubaya.

Rubaya ni kivutio cha kimataifa, na nitathibitisha. Mmoja wenu atoe simu. Wewe kijana. Inua juu waione. Ndani ya simu hiyo kuna vitu vidogo kuliko chembe ya mchele vinavyotunza umeme, na vingi vimetengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka kwenye coltan, na vilima vya Rubaya vinakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Mwaka 2024, mwisho wa Aprili, waasi wa M23 waliushika mji, wala simu zenu hazikuzima hata sekunde moja. Kwa hiyo nikawaza kwa kina: kwa nini tunahangaika kumleta mtalii Rubaya? Rubaya yenyewe ndiyo mtalii! Imeingia Tokyo, imeingia New York, imelala kwenye mito ya wafalme, imepanda ndege bila viza wala chanjo. Haijawahi kutuma hata kadi.

Kwa mgeni atakayetaka kufika mwenyewe, mandhari ni ya kipekee: kilima kimetobolewa kama nguo iliyoliwa na nondo, udongo mwekundu, watu wadogo wadogo wakipanda na viroba mgongoni. Kama naweza kuonyesha kwa kalamu hii juu ya kipande cha Masisi: shimo hapa, hapa, hapa. Nimetoboa hadi kipande jirani cha Walikale, samahani. Mvua ikiwa kubwa kilima hushuka na waliomo. Mwongozo wa utalii: usitembelee wakati wa mvua. Mvua hunyesha karibu mwaka wote.

Tulinganishe na wenzetu, maana utalii ni ushindani. Huko Marekani, kusini magharibi, kuna jimbo la jangwa liitwalo Arizona. Nimelisoma sana. Wana shimo. Mto Colorado umelichimba kwa mamilioni ya miaka, kina chake kinapita kilomita moja na nusu, nao wanaliita Grand Canyon, na zaidi ya watu milioni nne kwa mwaka huenda kusimama ukingoni, wakatazama chini, wakasema "Eh!", wakarudi hotelini. Mto ulichukua mamilioni ya miaka! Vijana wa Rubaya wakipewa koleo na bei nzuri wanaumaliza mlima kabla mwanangu hajamaliza shule. Lakini nani anawapigia makofi?

Jimbo hilo hilo lina mji unaitwa Tombstone. Tarehe 26 Oktoba 1881 wanaume wachache walipigana risasi hapo kwa muda wa nusu dakika hivi. Watatu wakafa. Nusu dakika, ndugu zangu. Na hadi leo watu wanalipa kiingilio kuwaona waigizaji wakiirudia ile nusu dakika: wanachomoa bastola, wanaanguka vizuri, wanainuka wanajipangusa vumbi, wanapiga picha na watoto. Mji mzima unakula kwa nusu dakika ya mwaka 1881. Nikachukua kikokotoo. Sisi tangu mauaji ya soko la Ntoto, Machi 1993, tuna dakika ngapi kwenye ghala?

Mama anauliza: na wale walioanguka kwetu, nani atawainua wajipanguse?

Ni swali la kihisia. Tuendelee.

Kutoka Masisi-kati unashuka kupitia Nyabiondo, na hapo nyasi zinakwisha, msitu unakumeza, baridi inabaki juu. Umeingia Walikale. Barabara hapa ni kivutio chenyewe. Haipitiwi, inakaliwa. Lori hukwama kwenye tope na kukaa hadi kuku waliokuwa abiria wanataga, mama mmoja anafungua mgahawa pembeni wa wali na sombe, na lori linapong'oka mgahawa unalia. Madaraja ni magogo mawili na imani ya dereva. Watu wa Arizona mwaka 1968 walinunua daraja zima la London, wakalivunja jiwe kwa jiwe, wakalisafirisha, na 1971 likafunguliwa jangwani, kwa sababu walitaka watalii. Sisi tumeshatekeleza sehemu ya kwanza ya mradi kama huo kwa gharama ndogo sana: madaraja yetu tayari yako vipande vipande.

Lakini Walikale kuna lami. Ndiyo! Mzee wa Kinyanga sasa anaitikia kweli. Kwenye ile njia ya Bukavu kwenda Kisangani kuna kipande cha lami hapo Kilambo, kimenyooka, kipana, kizuri. Na kwa kuwa ni kizuri mno kwa magari, kikawa uwanja wa ndege. Naomba mlitafakari hili. Ng'ambo, ndege ikitua barabarani ni habari ya gazeti na uchunguzi wa miezi sita. Kilambo, ndege isipotua barabarani ndiyo watu huuliza kuna nini. Ungurumo unasikika juu ya miti, wenye baiskeli wanasogea, mbuzi wanavutwa masikio, ndege ndogo ya mizigo inashuka kati ya miti na vibanda, inageuka, inapakia mawe, inaondoka. Halafu mama aliyekuwa anavuka na ndizi anavuka. Kama hicho si kivutio, basi ondoeni neno hilo kwenye kamusi.

Mawe gani? Hapo nakata tena, kipande cha pili, cha Walikale, nampa mwakilishi wa shirika, yule mwenye kofia. Ni kasiterite, bwana, mawe ya bati. Tangu 2002 yalichimbwa Bisie kwa mikono, ndani ya msitu, na vijana wakayabeba kwa miguu, viroba vya kilo 50, siku mbili njiani kwenye mizizi na tope hadi Njingala, kisha Kilambo, kisha angani. Septemba 2010 Rais wa wakati huo akapiga marufuku uchimbaji wote wa madini hapa kwetu mashariki hadi Machi 2011. Taarifa rasmi ilisema ni kusafisha biashara. Kwa hakika ilisafishika, kwa maana wengi wa wabebaji walibaki bila hata sabuni. Leo Bisie ni mgodi wa mitambo, mmoja wa yenye bati tajiri kuliko yote duniani, unatoa karibu asilimia 6 ya bati la ulimwengu. Machi 2025 M23 walipokaribia Walikale-kati mgodi ulisimama, na bei ya bati ikapanda London siku hiyo hiyo. Watu wa London hawajawahi kufika Walikale, lakini Walikale ikikohoa, wao hupima homa. Waasi wakaingia mji, siku za kwanza za Aprili wakaondoka, mgodi ukafunguliwa. Kwa hiyo tunaweza kuuza vifurushi vya utalii London: "Njoo uone kinachokunyima usingizi."

Kipande cha tatu nani anataka? Kanali? Karibu.

Sasa niwape kilicho bora kuliko vyote, na hiki nakitoa kwa machozi ya kitaalamu. Walikale ndiko alikozaliwa mtalii wa kwanza wa dunia. Anaitwa Mwindo. Wanyanga wanamjua. Baba yake, Shemwindo wa Tubondo, alitoa amri wake zake wazae wasichana tu. Ni mkuu wa kwanza ninayemfahamu kuweka bariere kwenye tumbo. Mwindo akazaliwa hivyo hivyo, kupitia kidole cha mama yake, akazaliwa anatembea na anaongea, ndiyo maana sifa yake ni Kabutwakenda, aliyezaliwa akaenda. Baba akamtupia mkuki, haukumpata. Akamzika, akatoka. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na yeye akaigeuza ngoma kuwa chombo cha usafiri hadi kwa shangazi yake Iyangura. Akaenda kuzimu kumfuata baba, akarudi naye. Akapelekwa mbinguni na Nkuba, radi mwenyewe, akakaa huko mwaka mzima kwa baridi, hadi kiburi kikamtoka. Safari ya lazima, gharama zote zimelipwa.

Mimi nilikuwa na mpango wa kukiandika kisa hiki. Nimekuta mwaka 1956 mzee wa Kinyanga, She-Karisi Rureke, alimsimulia Daniel Biebuyck kwa siku 12, akiimba, akicheza, akisimulia. Na kitabu, alichokitayarisha Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, kikachapwa 1969 na chuo kikuu cha California. California, ndugu zangu, jirani wa lile jangwa! Kwa hiyo Mnyanga anayetaka kisa cha babu yake kwa maandishi anakiagiza kutoka mahali penye jua kali na bei ya dola. Mzee wa nyuma anasema yeye hahitaji kitabu, anacho kichwani, na kwamba sehemu ya mbinguni nimeiruka haraka.

Nimeiruka kwa sababu za muda.

Wanyama. Msituni mwa Walikale, kwenye sehemu ya chini ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, kuelekea Maiko, na kwenye misitu ya vijiji, kuna gorila wa Grauer, ambaye duniani kote anaishi Kongo tu, mashariki. Mwaka 2016 wanasayansi walikadiria wamebaki 3,800. Mwaka 2021 wakasema 6,800. Nilipoona hivyo niliandaa hotuba ya kuwapongeza kwa uzazi. Kumbe hawakuzaana kiasi hicho; watafiti ndio walifika mahali ambako awali hawakufika. Wale elfu tatu walikuwepo siku zote, wamekaa kwenye majani, wakila, wasiojua kwamba ripoti ilikuwa imeshawafuta. Namheshimu sana mnyama huyu. Ndiye mkazi pekee wa Walikale aliyefaidika kwa kutofikiwa na wataalamu.

Naona msimamizi ananionyesha saa. Namalizia.

Swali moja tu. Mama wa mlangoni, bila shaka. Anauliza kama nimewahi kula bugali huko Masisi, na kwa nani. Nimeshaeleza mbinu yangu, mama. Anauliza tena: mtalii wa aina niliyoifasili, anayekuja, akala, akaondoka, analipa wapi? Ni swali la uhasibu, si la utalii, nitalijibu kwa maandishi. Na la tatu, anataka jibini lake.

Hapo, ndugu zangu, nakiri kuna tofauti kidogo kati ya ramani na hali halisi. Masisi imekwisha. Ya Walikale, vipande viwili alivichukua kanali, maana alisema kimoja kina matobo, na kweli kilikuwa nacho. Mwakilishi mwenye kofia amefunga chake kwenye karatasi aende nacho kukifanyia uchambuzi. Mheshimiwa amenihakikishia alichokula kilikuwa mfano. Mimi mwenyewe nimeonja kingo tu, kwa ajili ya mipaka. Kilichobaki mezani ni ganda na makombo, ambayo kisheria ni mali ya ukumbi.

Mama anasema alilibeba kwa pikipiki kutoka Lushebere, huko Masisi, akalipa jeto njia nzima, na ana watoto watano wanaosubiri aliuze. Nimemweleza kwamba atatajwa kwenye shukrani.

Natoa wito kwa wote walioshiriki kula: mama amesimama mlangoni na beseni lake tupu, na bei anaijua. Tokeni mmoja mmoja, taratibu, kwa mlango wa mbele. Ule wa nyuma umetengewa wahadhiri.